Saitesheni 391 na Ng'ombe Nisiowajua

"Daktari, hebu tufafanulie kidogo makala yako hii ya ndigana kali."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mbele yangu walikuwa wamekaa wajumbe saba wa kamati ya kupandisha vyeo, na katikati ya meza lilikuwa faili langu, lile nililolibeba kutoka ofisini kama mtoto mchanga. Chuoni kwetu mwombaji huwa haitwi mbele ya kamati. Ukiitwa, ujue kuna jambo.

Mimi ni mtu wa mahindi. Kazi yangu ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka zilizohifadhiwa zikiwa bado na unyevu. Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ng'ombe sijawahi kumgusa kikazi. Nyumbani kwetu hata wa maziwa hatukuwa naye.

"Makala ya ndigana, Profesa?"

"Ndiyo. Namba mbili kwenye orodha yako. Imenukuliwa mara 88. Kazi nzuri."

Nikasema ni mtandao umekosea. Profesa mwingine, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akanyanyua fomu yangu akaigeuza ukurasa wa mwisho. "Na saini hii nayo ni ya mtandao?"

Hiyo ilikuwa mwaka 2020. Barua ilikuja wiki tatu baadaye, mistari sita, nikaikunja nikaichomeka kwenye mkoba pamoja na risiti za luku. Ombi la kutoka Mhadhiri kwenda Mhadhiri Mwandamizi limekataliwa, mwombaji anashauriwa kuhakiki taarifa zake. Nimepoteza miaka mitatu, dola 180 na heshima kiasi kwa mambo ambayo mtu angeweza kunieleza tukinywa chai. Nayaandika kwa ajili ya mnaoanza.

Ng'ombe waliingiaje? Mwaka 2017 mwenzangu wa ofisi jirani aliniambia nifungue wasifu kwenye Google Scholar, ule mtandao wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma. "Ni bure dada, dakika tano tu." Kweli zilikuwa tano. Mwishoni mfumo uliniuliza kama ningependa makala mpya ziongezwe zenyewe, au niwe naletewa barua pepe niidhinishe kwanza. Nikachagua ziingie zenyewe. Nani anakataa kufanyiwa kazi?

Sasa, jina la mume wangu ni la ukoo mkubwa, katika kila ofisi ya serikali hukosi mmoja. Kuna daktari wa mifugo mwenye jina hilo ambaye jina lake la kwanza linaanza na herufi kama langu. Mashine haijui mahindi wala ng'ombe, inajua herufi. Ikaniletea makala sita za bwana yule, zenye saitesheni 177. Saitesheni ni zile mara ambazo makala yako imetajwa kwenye makala za watafiti wengine.

Niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haitamsaidia mtu. Niliiona namba ikipanda. Nilikuwa naifungua simu asubuhi kabla ya kuswaki, naona 340, baadaye 365, nafurahi, nafunga. Orodha yenyewe sikuifungua hata siku moja. Fomu ilipouliza jumla ya saitesheni nikaandika 391, makala 17, nikatia saini. Makala zangu halisi zilikuwa 11 na nilizijua kama ninavyowajua watoto wangu, lakini akili ilijiambia kwamba labda mfumo unahesabu pia mabango ya mikutanoni. Binadamu akipenda namba huitafutia sababu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maktaba. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, ana daftari la mistari na kalamu nyekundu, na wahadhiri wengi hawakujua kama yupo. Nilimfuata nikiwa na barua yangu. Akaisoma, hakunipa pole.

"Mwanangu, niandikie majina yote uliyowahi kuandikia makala."

"Jina ni moja, mama."

"Hakuna Mtanzania mwenye jina moja."

Tukaanza kuhesabu. Kabla ya ndoa nilikuwa natumia jina langu na la baba. Msimamizi wangu wa uzamivu, mgeni, aliligeuza: jina la baba akalifanya la kwanza. Baada ya ndoa nikahamia jina la mume. Jarida moja likachukua jina la babu likaliweka mwishoni kwa sababu pasipoti yangu ina majina matatu. Wenzetu wana jina la ukoo linalokaa palepale kuanzia ubatizo hadi kaburini, na kanzidata nyingi zimejengwa kwa kudhani dunia nzima iko hivyo. Chukua jina la mfano, Rehema Salum Kombo. Mfumo mmoja utamwita Kombo R. S., mwingine Salum R. K., mwingine Rehema S. Ni mtu mmoja, ana deni moja la benki, lakini kwenye mashine ni watu watatu.

Kwenye Scopus, kanzidata nyingine ya makala za kitaaluma, ndivyo nilivyokuwa: watu watatu. Wa kwanza alikuwa na makala tano, h-indeksi 3 (kipimo cha makala na saitesheni kwa pamoja, nitakieleza sasa hivi). Wa pili alikuwa na makala mbili, h-indeksi 2. Wa tatu alikuwa na makala moja, h-indeksi 1. Makala tatu nyingine hazikuwamo kabisa, mbili zilikuwa za majarida ya hapa nchini ambayo Scopus haiyasomi, na moja nitaieleza mbele kidogo kwa aibu.

Nikamuuliza kama nikiwaunganisha watu wangu nitapata 6. Akacheka. Akafungua daftari, akanifundisha h-indeksi kwa kalamu nyekundu, na mpaka leo nawafundisha wengine hivyohivyo. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa sana hadi iliyonukuliwa kidogo. Pembeni andika 1, 2, 3 kushuka chini. Teremka mpaka mahali ambapo namba ya mstari inataka kuipita idadi ya saitesheni, simama. Mstari wa mwisho uliotimiza ndiyo h yako. Zangu za Google Scholar, baada ya kuwafukuza ng'ombe, zilikuwa hivi: 96, 41, 22, 15, 12, 9, 7, 5, 4, 2, 1. Mstari wa saba una 7, unatimiza. Wa nane una 5, hautimizi. H-indeksi 7, jumla saitesheni 214. Za Scopus, baada ya kuunganisha watu watatu, zikawa makala nane, saitesheni 131, h-indeksi 5. Si 6.

Mtu mmoja, wiki moja, namba mbili tofauti. Hakuna anayedanganya kati ya hizo. Google Scholar hukusanya pia tasnifu za wanafunzi, ripoti za miradi na makala ambazo bado hazijahakikiwa, Scopus husoma majarida iliyoyachagua yenyewe. Kwa hiyo ukiandika "h-indeksi yangu ni 7" bila kutaja umeipata wapi na tarehe gani, umeandika nusu ya sentensi. Kosa hilo nililifanya kwenye fomu ya kwanza na nimeshaliona kwenye wasifu wa watu wazima kunizidi.

Mama yule alikuwa na tabia ya kunirudisha nyuma kila nilipotaka kukimbilia namba. Siku moja akanieleza kwamba mambo haya yalianza kama kazi ya maktaba. Eugene Garfield wa Philadelphia alipendekeza mwaka 1955 kitabu cha kuonyesha nani kamnukuu nani, ili msomaji aweze kufuatilia wazo lilikotoka na lilikofika, na mwaka 1964 faharasa yake ya sayansi ikatoka. Ile impakti fakta, namba ambayo wenzangu huiandika kwa wino mzito kwenye fomu, hupima jarida: saitesheni za mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya makala hizo. "Ni kama kusema bweni hili lina wasichana wenye akili," akasema. "Haisemi wewe uko kitanda gani."

H-indeksi yenyewe ni ya juzi. Ililetwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Alikuwa anawafikiria wanafizikia, akasema kwenye vyuo vikubwa vya utafiti h ya 12 hivi ingeweza kumfaa mtu anayepewa ajira ya kudumu, na 18 uprofesa kamili. Nilipolisoma hilo nikajiona mdogo kama kisoda. Kisha nikakumbuka kwamba mimi si mwanafizikia, nafundisha vipindi vinne kwa wiki madarasa ya wanafunzi mia tatu, na maabara yetu ikikatika umeme sampuli zinaharibika. Mwaka 2020, mwaka uleule niliokataliwa, Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Laiti kamati yetu ingekuwa inasoma majarida ya fizikia.

Kazi ya kusafisha ilinichukua karibu miezi miwili. Nilifungua namba ya ORCID, utambulisho wa mtafiti wa tarakimu 16, ambayo ni bure na inakufuata hata ukibadilisha jina au chuo. Ningeifungua siku niliyopeleka makala ya kwanza, nisingehitaji kuandika haya. Scopus nikawaombea kuunganisha watu wangu watatu kupitia ukurasa wao wa marekebisho ya waandishi, wakakubali baada ya wiki chache. Google Scholar nikabadilisha mpangilio, sasa makala haiingii mpaka niikubali. Na nikachagua jina moja. Nililia kidogo siku hiyo, sikutegemea. Nilirudi kwenye jina la baba kwa sababu ndilo lenye makala nyingi. Mume wangu akasema, "Hata mimi ningechagua lenye saitesheni," tukacheka, yakaisha. Najua nyumba ambazo yasingeisha.

Sasa ile makala yenye 96.

Mwaka 2016 kulitokea mlipuko wa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe. Mwaka uliofuata ukaja mradi mkubwa wa nje, nikaombwa kusimamia ukusanyaji wa sampuli Kongwa na Kiteto. Nilikaa huko wiki kumi na moja. Niliingia kwenye vihenge, nilipima unyevu wa mahindi nyumba hadi nyumba (yakizidi asilimia 13.5 kuna shida), nilizungumza na kina mama walioniuliza kama waendelee kuwapa watoto uji au waache, na sikuwa na jibu zuri maana chakula kingine hakikuwapo. Sampuli zikasafirishwa nje. Kisha kimya.

Mwaka 2018 nikapata taarifa kwenye simu kwamba nina makala mpya. Waandishi 43, mimi nikiwa wa 27. Nilifurahi kwa siku nzima kabla sijaanza kuuliza maswali.

Ningependa kuwalaumu wazungu peke yao, ingekuwa simulizi tamu zaidi. Lakini rasimu waliniletea. Ilikuja Ijumaa jioni wakitaka maoni Jumatatu asubuhi, mimi nilikuwa na harusi ya binamu Moshi, nikajibu kwa maneno matatu: "Safi sana, asanteni." Kanuni za uandishi ambazo majarida mengi ya tiba huzifuata zina masharti manne: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au umehakiki rasimu kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. La pili mimi nililitimiza kwa maneno matatu. Tena ndani ya makala ile palikuwa na sentensi kuhusu namna wakulima wa Kiteto wanavyohifadhi mahindi ambayo si kweli, na ningeweza kuifuta kama ningefika ukurasa wa tano.

Adhabu yake ilikuja kwenye hesabu. Kwa kanuni za chuo chetu alama za makala hugawanywa kwa idadi ya waandishi. Alama 1 gawanya kwa 43 ni 0.02. Makala iliyobeba karibu nusu ya saitesheni zangu zote ilinipa alama mbili za mia. Na makala niliyoiandika peke yangu kwenye jarida la nyumbani, iliyonukuliwa mara nne, ilinipa alama nzima. Hebu fanya hesabu nyingine: ifute hiyo 96 kwenye orodha yangu ya hapo juu. Saitesheni zinashuka kutoka 214 hadi 118. H-indeksi inashuka kutoka 7 hadi 6 tu. Namba moja inasema nimepoteza karibu nusu ya maisha, nyingine inasema nimejikwaa kidole. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitajia kipimo kimoja namuuliza cha pili.

(Nisilalamike sana. Mwaka 2015 timu za wanafizikia wa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, zilitoa makala yenye waandishi 5,154. Sijui kamati yetu ingewagawia nini.)

Tangu hapo nina tabia moja. Kabla sijafunga begi la kwenda kukusanya sampuli, nataka barua pepe inayosema nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, nani atashika data, na mimi nitaandika sehemu gani. Mara ya kwanza kuiomba nilitetemeka, nikaona nitaonekana mlafi. Mshirika alijibu ndani ya saa moja, "Sawa, wazo zuri." Kumbe wenyewe wana utaratibu huo kwao. Kuna hata orodha ya majukumu 14 ambayo majarida mengi huitumia kueleza nani kafanya nini, kuanzia kubuni wazo mpaka kutafuta fedha. Na kuanzia mwaka 2023 kuna Tamko la Cape Town kuhusu usawa kwenye utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2022, unaweza kulitaja kwenye barua yako ukiona haya kusema kwa mdomo wako. Usiwe kama mimi, kusubiri shukrani ziletwe na taarifa ya simu.

Mkutubi akanionyesha jambo lingine ambalo lilinikera kuliko ng'ombe. Kuna programu ya bure iitwayo VOSviewer, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Unaipa orodha ya makala, inakuchorea ramani: kila mwandishi ni nukta, walioandika pamoja wanaunganishwa kwa mstari. Nikaitazama ramani yangu. Katikati palikuwa na nukta kubwa, nikadhani ni mimi. Alikuwa msimamizi wangu wa zamani. Mistari yangu karibu yote ilipita kwake kwanza. Ukiiziba ile nukta kwa kidole, mimi nabaki kisiwa chenye mitumbwi miwili: mwanafunzi wangu mmoja na mwenzangu wa Morogoro.

Hapo ndipo nilipoelewa swali ambalo kamati ilikuwa imeniuliza na mimi nikalichukulia kama fitina: "Je, una utafiti wako mwenyewe?" Ukiwa na waandishi wenzako 60 waliokuja wote kwa mlango mmoja, una mlango mmoja. Miaka iliyofuata nilikwenda kwa makusudi. Nilimwandikia mtafiti wa Makerere ambaye alikuwa amenikosoa kwenye makala yake, akisema sampuli zangu zilikuwa chache. Alikuwa sahihi. Tukaandika pamoja makala mbili. Nikaandika na mchumi wa kilimo, nikaandika na ofisa ugani ambaye hana shahada ya pili ila anawajua wakulima kwa majina. Ramani ya mwaka 2023 ina nukta chache kuliko nilivyotamani, lakini ukiziba yoyote, nyingine hazizami.

Huyo wa Makerere nilimpataje? Kwa kusoma walionitaja. Niliketi likizo moja nikasoma makala zote 41 zilizoinukuu ile makala yangu ya pili. Nyingi zilinitaja kwenye utangulizi pamoja na wengine watano, kama unavyotaja wageni waalikwa. Kadhaa zilichukua jedwali langu moja la unyevu na halijoto. Mbili zilitumia kweli mbinu yangu. Tatu zilisema nimekosea. Zote kwenye mashine ni saitesheni, uzito uleule. Makala inayojulikana kunukuliwa kuliko zote duniani, ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, zaidi ya mara 300,000, ni ya namna ya kupima protini maabara. Watu huinukuu kwa kuwa wanaitumia, kama unavyoazima mizani kwa jirani. Nikahesabu pia nilizojinukuu mwenyewe: 31 kati ya 214. Si dhambi, kazi moja huzaa nyingine, lakini nilipoomba mara ya pili niliitaja namba hiyo mwenyewe kabla hawajaniuliza.

Nimeahidi aibu. Mwaka 2019, muda wa kuomba cheo ukikaribia, nilipata barua pepe iliyoanza kwa kuniita Profesa Mashuhuri. Jarida la kimataifa, uhakiki ndani ya siku nne, ada dola 180. Nilijua. Ndani kabisa nilijua, maana hakuna mhakiki duniani anayejibu ndani ya siku nne. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha kina mama nikalipa. Makala ikatoka ikiwa na makosa yangu yote ya kuandika, hata jina la ukungu wenyewe, Aspergillus flavus, likiwa limekosewa mahali pawili. Nilipotaka iondolewe wakanidai pesa nyingine ya kuiondoa. Bado iko huko. Imenukuliwa mara moja, na aliyeinukuu ni mimi.

Siku hizi kabla ya kupeleka makala naangalia mambo machache tu. Je, jarida lipo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika? Je, naweza kumpata hata mjumbe mmoja wa bodi yake ya uhariri, nimwandikie, akiri kwamba analijua? Je, mimi mwenyewe nimewahi kusoma makala ndani yake iliyonifaa? Hilo la mwisho linatosha mara nyingi. Na kama ada inatisha, andika kuomba msamaha wa ada kabla ya kupeleka. Wachapishaji wengi wana utaratibu huo kwa watafiti wa nchi zetu, japo masharti hubadilika. Mimi nimesamehewa mara mbili, nusu mara moja.

Kuna kazi moja ambayo haimo kwenye kanzidata yoyote. Baada ya zile wiki za Kongwa na Kiteto niliandika kipeperushi cha kurasa nne kwa Kiswahili: kausha mahindi juu ya turubai, usiyamwage chini, tenga yaliyooza usimpe hata kuku, tumia mifuko isiyopitisha hewa. Mwanafunzi wangu alichora picha. Halmashauri mbili zilikichapa. Saitesheni zake ni sifuri na zitabaki sifuri. Fomu ya kwanza sikukitaja kabisa, niliona kitanichafulia orodha ya kimataifa. Fomu ya pili nikakiweka, pamoja na barua za halmashauri zilizosema zimechapa nakala ngapi na kuzigawa kata gani. Barua hizo nilizifuata mwenyewe, kwa basi, miaka mitano baada ya kazi, na ofisa mmoja alikuwa ameshahamishwa. Ziombe wakati kazi bado ya moto na watu bado wanakukumbuka.

Nilirudisha maombi mwaka 2023. Ukurasa wa kwanza niliandika namba zangu kutoka Google Scholar na Scopus, tarehe niliyozichukua, ngapi nimejinukuu, na sentensi moja: mwaka 2020 niliwasilisha 391, ilikuwa makosa yangu. Kwa kila makala nikaeleza nilichofanya, na kwa ile ya watu 43 nikaambatisha barua ya kiongozi wa mradi inayothibitisha kwamba ukusanyaji wa sampuli niliuongoza mimi. Alinijibu kwa ukarimu. Ningeweza kumwomba miaka mitano nyuma.

Safari hii sikuitwa. Cheo kilikuja kwa barua fupi kuliko ile ya kukataliwa. Nilimpelekea nakala mama wa maktaba, ambaye sasa amestaafu anafuga kuku Kibaha. Akaisoma mpaka mwisho, akatafuta kalamu nyekundu, akasahihisha tahajia ya jina langu.

Yule daktari wa mifugo tumewasiliana. Ni mtu mcheshi, ananiita shemeji, na anasema hakujua kwamba miaka yote hiyo ng'ombe wake walikuwa wanalala kwangu. Mashine haijakata tamaa. Kila baada ya miezi michache inaniletea barua pepe: je, makala hii ni yako? Nabonyeza hapana. Mwezi uliopita imeleta ya mbuzi.